Telegramu ya Mama Apolonia

Wiki nzima mmemwacha Kocha Nyanda amesimama nyuma ya madarasa, pale uwanja wa shule Mbeya, telegramu mkononi, baridi ya mwezi wa saba inamtafuna masikio. Haya, tumwondoe pale, maskini.

Kwa wewe uliyekosa gazeti, au lako lilifungiwa maandazi, nakukumbusha upesi upesi. Ni Sabasaba, mwaka sabini na sita. Nyanda ni Msukuma wa Ubaruku, mtoto wa mzee Ngolo, yule aliyeshuka Usangu na ng'ombe zake. Ndiye kocha wa timu ya taifa ya raga, ule mpira wa yai, ile raga ya watu saba. Leo wapo wazungu wa mashamba ya chai, na wapo vijana wa migodini kutoka Zambia, wamekuja na treni mpya. Na mkubwa wa michezo kutoka Dar es Salaam, Ndugu Edmund, amesema mbele za watu: "Mkichukua kombe, mnakwenda Nairobi. Mkifungwa, timu naivunja leo leo, kila mtu arudi kwenye jembe lake."

Sasa hiyo telegramu. Si ya Nyanda. Ni ya Liberatus Kalinga, nahodha, kijana mwenye mbio kupita wote. Imefika saa tatu asubuhi, sikukuu yenyewe, mtu wa zamu wa posta kaileta kwa mguu. Anwani ni ya timu, kwa hiyo akapewa kocha. Inasema hivi:

MAMA MGONJWA SANA ANAKUITA NJOO LEO BENEDICTA

Benedicta ni dada yake Liberatus. Anakaa na mama yao, Mama Apolonia, Igawa, walikohamia kutoka Mufindi, pale pale barabara kuu.

Nyie mnajua, na mimi najua. Huku kwetu nani ameshapata telegramu inasema mtu amekufa? Hakuna. Mtu akifa tunaandika mgonjwa sana, ili usianguke njiani peke yako, ulie ukishafika, katikati ya ndugu. Ukisoma mgonjwa sana unatafuta shuka la kujifunika msibani, basi, habari imekwisha.

Nyanda akaisoma mara tatu. Ya tatu hakuona kitu, macho yamejaa maji.

Kwa sababu huyo Mama Apolonia ni mama yake na yeye.

Mwaka sitini na moja Nyanda alipanda kwenda kuchuma chai Mufindi. Kijana wa miaka ishirini, Kiswahili cha kuokoteza, blanketi hana. Wiki ile ile Mama Apolonia alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Akamwona Msukuma anatetemeka kwenye ukuta wa jirani. Hakuuliza kabila, hakuuliza jina. Alisema, "Ingia ule." Nyanda akaingia, akala. Akala miaka kumi na moja.

Wazungu wa chai walipopungukiwa mtu mmoja wa raga, wakamchukua Nyanda, maana walimwona anamkimbiza ndama mpaka anamlaza chini. Ndivyo alivyoanza. Akawa tishio, jina likafika Iringa mjini, likafika Dar. Goti lilipovunjika mwaka sabini na moja, nani alimkanda na maji ya moto miezi mitatu? Mama Apolonia. Na alipoacha kucheza akageuka mwalimu, nani alimletea Liberatus, kitinda mimba wake? Yule yule. Alimwambia, "Mfundishe huo wazimu wenu. Lakini mwanangu unirudishie."

Haya. Filimbi ya kuita timu ikalia.

Andendekisye akachungulia. Huyu ni dereva wa Landrova ya timu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mdomo hauna breki.

"Kocha, watu wanakutafuta. Asubuhi yote hii umekunywa nini mpaka unalia?"

Nyanda akampa karatasi. Andendekisye akasoma, akavua kofia.

"Pole, bwana. Mama ametutoka."

"Ametutoka."

"Mwite kijana. Basi la Iringa linaondoka saa nne. Saa saba haijafika, yuko Igawa."

"Akienda nacheza na nani? Wa akiba ni mmoja, na mkono umefungwa bandeji."

"Hayo mambo ya mpira. Mimi nasema mambo ya mama."

"Andendekisye, mama ameshakufa! Leo hawamziki, hawawezi kuzika kabla mjomba Ambrosi hajashuka kutoka Mufindi. Fainali inakwisha saa nane. Tunapanda gari lako, saa kumi na nusu tuko pale, analia na ndugu zake, na kombe analo. Marehemu hana haraka."

Andendekisye akamtazama. "Na kijana akija kujua?"

"Nitajibu mimi."

Nyanda akaichukua karatasi, akaikunja, akaisokomeza ndani ya soksi, akatoka kwenda uwanjani anachechemea.

Wajukuu zangu, msimtukane bado. Wewe ungefanyaje? Usiniambie mimi, jiambie mwenyewe.

Liberatus alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Kaka, mbona macho mekundu?"

"Vumbi."

"Vumbi gani na umande wote huu?"

"We cheza, acha kukagua macho ya watu."

Kijana akacheka. Wenzake wakacheka. Nyanda naye akacheka, kicheko kama cha mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Mechi ya kwanza wakawapiga wazungu wa chai bila jasho. Wakapumzika. Liberatus akaja kukaa karibu yake, anakula karanga.

"Kaka, nimemwota mama. Ananiita, mimi naitika, hasikii."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno lilifika kwenye meno. Nyanda akalimeza.

"Ndoto za njaa hizo. Kula karanga."

Mechi ya pili wakashinda. Nyanda akamwangalia kijana mara moja, akageuza shingo. Saa saba na nusu wakaingia fainali na wale wa migodini, majitu, shingo kama magunia ya mpunga ya Chimala.

Raga ya saba ni dakika saba, mapumziko, dakika saba. Ukikohoa umepitwa. Dakika ya pili Wazambia wakaweka mpira chini, hiyo ni nne, na mkwaju ukapita katikati, mbili juu yake, sita bila. Vijana wetu wakarudisha, sita kwa sita. Kipindi cha pili, Wazambia tena: kumi kwa sita. Ndugu Edmund akaanza kuvaa koti lake.

"Kocha!" akaita. "Naona mnapenda kulima!"

Imebaki dakika moja. Mpira ukaangukia mikononi mwa Liberatus, karibu na mstari wao wenyewe, mbali kabisa. Akaanza. Wa kwanza akamrukia, akakosa. Wa pili akamshika jezi, jezi ikachanika. Watu wa Mbeya, ambao asubuhi walikuwa wanauliza huu mpira umepondwa na nini, wote wamesimama, akina mama wanapiga vigelegele bila kujua sheria hata moja.

Kijana akafika. Akaulaza mpira chini, na yeye juu yake. Kumi kwa kumi. Kisha akauinua, akaupiga mwenyewe, ukapita katikati ya nguzo.

Kumi na mbili kwa kumi. Filimbi.

Edmund akavua tena koti. "Nairobi!" anapiga kelele, anamkumbatia kila mtu, hata refa. "Kocha, wewe ni mtu wa ajabu! Mbona hucheki?"

Nyanda alikuwa ameshamshika Liberatus mkono.

"Panda gari. Hivyo hivyo ulivyo."

"Tunakwenda wapi? Hata sijavua viatu!"

"Igawa. Mama anaumwa kidogo."

Kicheko kikafa usoni mwa kijana. Akamtazama kaka yake sana.

"Anaumwa, au ndiyo vile?"

"Anaumwa."

Ona sasa. Nyanda alidhani anamdanganya kijana.

Landrova ikatimua. Walipofika Chimala Liberatus akaomba asimamishiwe gari, akashuka, akashika mti, akalia kwa sauti. Watu wa sokoni wakatazama tope na jezi iliyochanika, wakafikiri kapigwa.

"Mimi si mtoto, kaka," alisema akirudi. "Nimeshaelewa. Mama hayupo."

Nyanda akamfunika koti, akamshika kichwa kama anavyoshikwa mgonjwa. Wakalia wote wawili mpaka Igawa. Na katika kulia kule, niwaambie ukweli, Nyanda alipata nafuu. Alisema moyoni, sasa imekwisha. Amejua, analia, tuko pamoja. Hakuna kilichoharibika.

Saa kumi na nusu jioni, jua lingali kali, gari likakata kona ya nyumbani kwa Mama Apolonia.

Vilio vilikuwepo. Lakini Nyanda, kabla hajafungua mlango wa gari, akaona ua hauko sawa.

Msiba wa jana unaujua kwa macho. Magogo yameshawashwa uani, mabenchi yameletwa, akina mama wako kwenye masufuria, wanaume wanacheza bao huko pembeni. Hapa hakuna gogo. Hakuna benchi hata moja. Sufuria la uji liko mlangoni, linatoka moshi. Mwanamke mmoja anavuka barabara mbio, kanga hajaifunga, anauliza, "Nini? Nini jamani? Si asubuhi nimeongea naye?"

Benedicta akatoka ndani, akamwangukia mdogo wake.

"Umechelewa kidogo, Libe! Nusu saa tu! Hata mkono haujapoa, ingia umshike, hata haujapoa!"

Nyanda akashuka, akaketi chini barazani.

Mama Apolonia alikuwa hai. Asubuhi nzima alikuwa hai. Wakati Liberatus anakula karanga, alikuwa hai.

Liberatus akaingia ndani. Walisikia... wacha nisiseme walisikia nini. Ile sauti ya mtoto wa kiume akimkuta mama yake ana joto bado, hiyo siiandiki gazetini.

Alipotoka, akakaa kwenye kizingiti. Mjomba Ambrosi akatoka nyuma yake, mzee wa Kibena, mkavu, kofia mkononi. Kumbe alishafika tangu jana, aliitwa kumwuguza dada yake. Akamwinamia Nyanda, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mjomba."

"Pole na safari. Mmepata lini telegramu?"

Swali la kawaida tu. Mzee hana nia mbaya. Ua mzima unasikiliza.

Na Nyanda, kocha wa taifa, mtu mzima, akasema:

"Imefika... mechi ilipokuwa inakwisha. Ndiyo tukaja mbio."

Andendekisye akakohoa. Akaenda kufungua boneti ya gari, akaingiza kichwa humo.

"Ni kweli, mjomba," Liberatus akadakia, kamasi na machozi. "Hata viatu hakuniachia nivue. Kaka alinivuta mkono, twende, twende. Bila yeye ningekuwa bado Mbeya nashangilia."

Akamshika Nyanda bega, akambana kwa nguvu. Kila kidole Nyanda alikisikia kama msumari.

Benedicta akakaa chini mbele yao, anafuta uso na ncha ya kanga.

"Alikuwa anawasubiri. Kila gari likipita hapo barabarani anauliza, ndio wao? Saa sita basi likasimama. Akaniambia niinue, nifunge kitambaa, mwanangu asinikute hivi. Nikamfunga. Watu wakashuka, hamkuwemo."

"Basi, dada," Liberatus akasema.

"Wacha niseme! Nikamwambia, mama, pengine telegramu haijafika. Akanigombeza. Akasema ikifika kwa Nyanda imefika kwangu. Akasema, Nyanda hanicheleweshei mtoto. Akalala na kitambaa chake kichwani, anasubiri."

Hapo Nyanda akafa. Anapumua, lakini kafa.

Mjomba Ambrosi akageukia watu. "Jamani, huyu Nyanda si mgeni. Huyu kwa dada yangu ni mkubwa wa nyumba. Wanaotoka Iringa na wanaotoka Usangu wampe pole yeye kwanza, halafu Liberatus. Nyanda, simama watu wakuone."

Nyanda akasimama. Watu wakaanza kusogea, mikono mbele, pole, pole sana mkubwa.

"Msinishike," akasema.

Wakasimama.

"Mjomba, nimesema uongo. Telegramu ilifika saa tatu. Saa tatu asubuhi."

Mikono iliyonyooshwa ikarudi chini.

"Saa tatu?" Benedicta akauliza. Sauti ndogo kabisa.

"Niliificha. Nilidhani ameshakufa. Mgonjwa sana, njoo. Si ndivyo tunavyoandikiana? Nilidhani mmetuficha ili asianguke njiani. Nikasema acheze kwanza, nitamleta. Nilidhani..."

"Niliandika anakuita."

"Niliona."

"Niliandika leo."

"Niliona, dada."

Benedicta akasimama. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Sasa mtu akiumwa kweli kweli, Nyanda, mlitaka tuandikeje?"

Mzee Ambrosi akaangalia kofia yake. Wanawake waliokuja na kuni kichwani wakasimama nazo hivyo hivyo. Kila mmoja pale ameshawahi kuandika mgonjwa sana wakati mtu yuko ndani amefunikwa shuka. Kila mmoja.

Liberatus akainuka polepole. Viatu vya raga vinagonga sakafu ya baraza, ko, ko, ko. Akaja mpaka uso kwa uso.

"Nilikwambia nimemwota."

"Uliniambia."

"Ananiita. Ukaniambia nile karanga."

"Ndiyo, Libe."

"Ningekwenda na basi ningemkuta?"

"Ungemkuta."

"Tungefungwa?"

"Tungefungwa."

Kijana akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anataka tu kujua bei ya kitu alichokwisha kuuziwa. Nyanda akasubiri ngumi. Aliitamani. Mikono ikaning'inia, kidevu mbele, apigwe tu.

Hakupigwa. Liberatus akageukia wazee.

"Mjomba Ambrosi, nina ombi moja. Kesho asubuhi mnachimba kaburi la mama. Huyu asishike jembe."

Watu wakaguna. Nyie mnaijua adhabu hiyo. Huku kwetu hata adui yako akija msibani na jembe begani, unampisha achimbe, mtagombana siku nyingine. Kumwambia mtu usichimbe ni kumwambia hukuwahi kutujua, chakula ulichokula hapa hukukila.

"Libe!" Benedicta akasema.

"Asishike. Wala udongo asitupe. Aende Nairobi na kombe lake."

Nyanda akainamisha kichwa. "Ni haki yake," akasema. Akageuka kuelekea barabarani, anachechemea, watu wanampisha njia pana kuliko anavyohitaji.

"Nyanda! Simama hapo hapo."

Ni mjomba Ambrosi. Sauti ya mzee yule hawajawahi kuisikia imepanda namna ile.

"Liberatus, mwanangu, ombi lako ni zuri, na mimi ningekupa. Lakini siwezi."

"Kwa nini huwezi? Mama ni wangu!"

"Kwa sababu mama yako aliniita saa tisa, akili zake timamu, Benedicta yupo, jirani yupo. Alitutaja mmoja mmoja, nani afanye nini. Wewe ubebe msalaba. Na jembe la kwanza, alisema, la kupasua ardhi, apige Nyanda. Alisema asipopiga Nyanda, asipige mtu."

Benedicta akajifunika uso na kanga. Hakukanusha.

"Alisema hivyo kwa sababu hakujua!" Liberatus akapiga kelele. "Angejua asingesema!"

"Inawezekana," mzee akasema. "Lakini sasa nani atakwenda kumwambia abadilishe?"

Akaingia uani, akarudi na jembe, mpini wake mweupe bado mpya. Akaliweka chini, katikati ya wale wawili. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Marehemu amesema lake. Aliye hai amesema lake. Mimi mzee nimeshindwa. Malizaneni nyie."

Nyanda akalitazama jembe. Akamtazama Liberatus. Halafu, machozi yakidondoka mpaka kwenye mpini, akainama, akanyoosha mkono.

Na kiatu cha Liberatus, tope la Mbeya lingali kwenye meno ya soli yake, kikashuka kikakanyaga mpini.